Unywele wa Kioo

Mama Redio alisema mtu aliyekata waya hakuwa na kichwa.

Ndivyo alivyosimulia mara ya kwanza, asubuhi kungali na giza giza, amesimama mlangoni mwa duka na kitambaa cha kulalia bado kichwani. Kwamba alitoka kwenda msalani, akamulika tochi upande wa mtaro, na ile tochi ikapiga kitu kikang'aa. Mistari miwili myeupe, mmoja kifuani, mmoja kiunoni, inainama na kuinuka, inainama na kuinuka. Juu ya mistari hakuna uso. Chini yake hakuna miguu.

"Nikasema leo ndiyo leo, nimekwisha," aliwaambia watu. "Hata kilichonitoa ndani nilikisahau."

Mara ya pili, wasikilizaji walipoongezeka, yule mtu alikuwa ameota kichwa. Mara ya tatu kichwa kilikuwa kimevaa kofia ngumu. Na jua lilipotoka, watu wakaenda mtaroni wakaona waya mweusi wa faiba, ule wa kuleta mtandao, umekatwa kweli, kipande kirefu hakipo, ncha mbili zimebaki zimekodoleana kama watu waliogombana, Mama Redio hakuwa na shaka tena. Alikuwa ni Bwana Waya, fundi mwenyewe.

"Nani mwingine hapa kijijini ana koti la kung'aa?" aliuliza. "Wachimbaji si walishatangulia mbele? Kabaki yeye peke yake. Na alinigeukia akanitazama, macho kwa macho. Kama ninavyokutazama wewe hapa, binti."

Binti aliyekuwa akitazamwa ni mshonaji. Alikuwa amekuja kununua uzi. Watu wote dukani waligeuka, maana kila mtu alijua, ingawa hakuna aliyeambiwa, kwamba Bwana Waya akipita mbele ya chumba cha cherehani hatua zake huwa fupi.

"Uzi wa rangi gani?" muuza duka aliuliza, angalau kuvunja ukimya.

"Wa njano. Uliokoza."

"Njano," Mama Redio alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Mshonaji alihesabu sarafu zake. Kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno mengi. Kazi yake ilimzoesha kukaa na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hujifunza kutazama. Lakini moyoni mwake asubuhi ile kulikuwa na kitu kinachofanana na kicheko. Koti la kung'aa! Koti hilo la njano lilikuwa kwake, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya cherehani tangu jana jioni, mkono mmoja umechanika kwapani. Bwana Waya alilileta kwa mlango wa nyuma, kama alivyoleta kila kitu, kwa sababu mlango wa mbele mama yake alikuwa akiulinda kwa macho. Sasa mtu angekataje waya amevaa koti ambalo liko msumarini kwa mwingine?

Alitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Halafu aliona nyuso zile zote zinamngojea, akafikiri: nikisema koti liko kwangu, wataniuliza limefikaje, na saa ngapi, na kwa mlango upi. Akalimeza. Aliona ni heri aende nyumbani alichukue, alikunje, alipeleke kwa mwenyekiti bila makelele.

"Lakini akate waya wake mwenyewe, apate nini?" muuza duka aliuliza. "Mtu anakata mkono unaomlisha?"

"Wewe nawe!" Mama Redio alimpungia mkono. "Waya ukifika, kazi si imekwisha? Kazi ikiisha si anaondoka? Na kama kuna kitu hapa hataki kukiacha? Nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili, amesimama kwenye mlango wa mtu nisiyemtaja, anasema, 'Natamani huu waya usifike kabisa.' Nikasema haya, kijiji kizima kinangoja, yeye anatamani usifike."

Hilo lilikuwa kweli. Kicheko kile cha moyoni kilizima papo hapo.

*

Kijiji kilikuwa kimengoja faiba hadi kungoja kukawa kama jirani mwingine. Walianza kuja wapimaji wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Mchwa wakala vigingi. Wakaja wengine wakapigilia vipya, wakasema mwaka huu. Mbuzi wakang'oa. Wakati huo wote, mtu akitaka mtandao ilimbidi apande mlimani, hadi kwenye jiwe kubwa lililoitwa Jiwe la Halo, kwa sababu neno lililosikika zaidi pale juu lilikuwa halo, halo, unanisikia? Mwalimu mkuu alipeleka majina ya wanafunzi pale. Nesi wa zahanati alipanda pale mvua ikinyesha kuuliza daktari wa mbali afanye nini, na mara moja alishuka akakuta mgonjwa hamhitaji tena. Tangu siku hiyo nesi hakutaka kusikia utani wowote juu ya faiba.

Kwa hiyo mtaro ulipoanza kuonekana ukija, mwembamba, mwekundu, unanyooka kutoka barabara kuu kama mshono, watu waliuombea. Wazee walitembea kila jioni kwenda kuangalia umefika wapi. Mtu mmoja tu kijiji kizima aliomba uchelewe, na mtu huyo alikuwa akiomba huku anakanyaga cherehani, akiona haya.

Maana pamoja na mtaro alikuja yeye, Bwana Waya. Mara ya kwanza alileta suruali iliyochanika gotini. Mara ya pili alileta shati lisilokuwa na tatizo lolote.

"Hili halijachanika," mshonaji alimwambia.

"Litachanika. Naliwahi."

Bwana Waya alimpa jina la Sindano. Siku moja alimwonyesha kilichomo ndani ya waya. Alichuna ngozi nyeusi, akachuna na nyingine ndani yake, hadi ukabaki uzi mmoja mwembamba kuliko uzi wowote aliowahi kuutia tunduni, wazi kabisa, ukionekana tu ukikutana na mwanga.

"Hiki ni nini? Nywele?"

"Kioo."

"Kioo kinapinda hivi?"

"Kinapinda. Lakini usikishike, Sindano." Alimshika kiganja akakirudisha nyuma, na hakukiachia upesi. "Vipande vyake vikidondoka sakafuni huvioni tena. Kikikuingia kwenye ngozi, hakitoi damu, hakionekani. Unakisikia tu." Kisha akachukua kile kipande kwa koleo ndogo, akakitumbukiza ndani ya kichupa chenye kifuniko alichokuwa akitembea nacho mfukoni. Hakuacha hata kimoja.

"Na waya ukiwaka?" mshonaji aliuliza, akijua jibu.

"Ukiwaka nakwenda kijiji cha mbele." Alikaza kifuniko cha kichupa. "Nimeomba waniache hapa niutunze. Hawajanijibu." Ndipo aliposimama mlangoni akasema yale maneno, na Mama Redio naye akawa anapita na ndoo yake ya maji.

*

Pale dukani, asubuhi ile, mlango ulizibwa na mtu mwingine. Alikuwa kaka yake mshonaji. Kijiji kilimwita Chuma, kwa sababu alinunua na kuuza vyuma chakavu, mabati, sufuria zilizotoboka, betri zilizokufa.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema kwa sauti ya juu. "Nilisema huyu mgeni si mtu. Mkanicheka. Sasa?"

"Sasa tufanyeje?" mtu aliuliza.

"Msimamizi wake anakuja mchana huu, na polisi. Mwenyekiti amesema wote uwanja wa shule. Tukimfumbia macho, kampuni itachukua waya wake ipitishe kwingine, na sisi tutazeekea kwenye Jiwe la Halo."

Nesi alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake. "Aliyefanya hivi," alisema taratibu, bila kumtazama mtu, "mimi nitamshika kwa mikono yangu."

Watu waliitikia, na katika kuitikia kule mshonaji alisikia kitu ambacho hakukipenda, sauti ya chini, nzito, kama ya ng'ombe wanaosukumana zizini kabla ya mvua. Alimtazama kaka yake. Alikuwa anaongea kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia, ule anaoutumia kupiga meza, kuonyesha, kutisha, ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali, na haukutoka.

"Twende nyumbani, wewe," alimwambia dada yake. "Usikae hapa kusikiliza umbea."

"Umbea wa nani?" Mama Redio alifoka.

"Natangulia," mshonaji alisema.

Alitembea haraka. Upepo ulikuwa umesimama. Mawingu yalishuka chini hadi juu ya mapaa, na mbwa wa kando ya njia, ambao siku zote humbwekea kwa mazoea tu, walimtazama akipita wakanyamaza. Alipofika uani aliisikia harufu. Plastiki iliyoungua. Alikuwa ameisikia tangu alipoamka, ila alidhani ni majirani. Sasa aliona inatoka nyuma ya jiko lao wenyewe, ambako mama yake alikuwa anafagia jivu kwa haraka, jivu jeusi lililogandamana.

"Umechoma nini, mama?"

"Beseni bovu."

"Lipi?"

"Kwani unayajua yote?" Mama yake hakuinua uso. "Nenda kafanye kazi."

Aliingia chumba cha cherehani. Koti lilikuwa msumarini. Lilikuwa pale pale alipoliacha, mstari wa juu na mstari wa chini, na akashusha pumzi. Akanyoosha mkono alitungue.

Lilikuwa limelowa.

Pindo lote lilikuwa na udongo mwekundu, udongo mbichi, ule wa mtaroni. Mkono uliochanika kwapani ulikuwa umechanika zaidi, hadi kwenye kiwiko, kama uliovaliwa na mtu mwenye mabega mapana kuliko mwenyewe. Na chini kwenye pindo, mahali udongo ulipokauka kidogo, kulikuwa na vitu vidogo vinavyong'aa. Hakuvigusa. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, koti mapajani, kibunda cha uzi wa njano kiganjani.

*

Kaka yake aliingia bila kubisha. Alipoona koti liko wapi, alifunga mlango.

"Nitolee mwiba," alisema.

Alitoa mkono mfukoni. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, chekundu, kinameta. Aliukalisha mkono juu ya meza ya cherehani, kiganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni.

Dada mtu alifungua kopo la sindano. Alichagua sindano nyembamba kuliko zote, akaipitisha kwenye moto wa kibiriti, akavuta mkono ule karibu na dirisha. Mama yao alikuja akasimama mlangoni na ufagio.

"Ni mwiba tu," mama alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Tulia, kaka."

"Nimetulia. Unanichoma!"

"Nyamaza basi."

Alitafuta. Hapakuwa na doa jeusi kama la mwiba, wala damu. Aligeuza kidole kwenye mwanga, huku na huku, hadi kitu kikameta mara moja kikapotea. Akakirudia. Akakiinua kwa ncha ya sindano, akakivuta kwa kucha mbili, polepole, na kikatoka kirefu kuliko alivyotegemea. Kilikuwa wazi kama maji. Alikiweka juu ya kitambaa cheusi.

Wote watatu walikitazama.

"Mwiba gani huo?" kaka aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu.

"Huu si mwiba."

Kwa mbali, upande wa shule, mtu alianza kugonga kengele ya chuma.

"Nilidhani ni shaba," kaka alisema mwishowe. "Waya mnene vile. Nani angejua ndani kuna nywele? Nimeuchoma wote, nimepepea moto mpaka macho yamevimba, nangoja shaba ishuke. Haishuki. Nachokoa na kidole, naona majivu tu na haya madudu." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Kijiji kizima kinapiga kelele, kumbe kelele zote za nywele."

"Ukavaa koti lake."

"Kulikuwa na baridi! Nilitoka nikalivuta tu hapo. Sikufikiria."

"Hukufikiria," alisema dada yake. "Lakini dukani ulifikiria. Dukani ulisema nilisema, nilisema."

"Ningesema nini? Nisimame niseme ni mimi?" Aliuvuta mkono wake. "Sikiliza, mdogo wangu. Huyo mtu wako wakimkamata watamhamisha. Ni mtu wa kampuni, watamtetea, atapelekwa kwingine. Mimi? Mimi nani atanitetea? Umemsikia nesi? Wale hawatangoja polisi."

"Na yeye watamngojea polisi?"

Kaka aligeuza uso. Macho yake yalikwenda kwenye cherehani, yakakaa pale. Hakuhitaji kusema, naye dada hakuhitaji kuambiwa. Ile cherehani kaka ndiye aliyeitoa kwenye lundo la vyuma, imeshikana kutu, haizunguki. Jioni baada ya jioni aliikalia kwa mafuta na msasa, baba hayupo, mama anafua nguo za watu, hadi siku moja akaiweka mbele ya mdogo wake ambaye shule ilikuwa imemshinda kwa kukosa sare, akamwambia, haya, shona yako mwenyewe.

"Kidole bado kinauma," alisema kaka, akikunja uso. "Kimebaki kingine."

"Sikioni."

"Tafuta."

"Nimetafuta. Hakionekani."

Alisimama, akaurudisha mkono mfukoni, akatoka. Baada ya muda walimsikia barabarani, sauti ileile ya juu, anawahimiza watu waende uwanjani.

Mama alibaki. Aliweka ufagio chini, akaja akashika ukingo wa koti kwa vidole viwili.

"Lifue," alisema.

"Mama."

"Lifue, lishone, likauke kwenye moto, umrudishie kama hakuna kilichotokea. Wewe si mtu wa kuropoka. Hata ulipokuwa mtoto ulianguka ukavunja mkono hukulia mpaka jioni."

"Watamfanya nini, mama? Umewasikia?"

"Nimewasikia. Na mimi nakuuliza, yeye ni nani kwako? Amekuja na barua? Ametuma mtu? Amekanyaga mlango wangu wa mbele?" Machozi yalikuwa yanamlenga, lakini sauti haikutetereka. "Baba yako alikuja na lami. Unajua hilo. Alikuja na barabara, akakaa muda wote wa barabara, akanichekesha pale kisimani na koti lake la kung'aa kama hilo. Barabara ilipopita, naye akapita. Akaniacha na nyinyi wawili. Sasa wewe unataka nimtoe mwanangu wa kiume kwa ajili ya mtu aliyekuja na waya?"

"Yeye si baba."

"Wote huanza si baba."

Kengele iligongwa tena. Mama alifuta uso kwa upande wa kanga, akaingia chumba cha pili, akashusha pazia. Lakini kitanda hakikulia. Alikuwa amesimama palepale nyuma ya pazia.

*

Bwana Waya alikuja kwa mlango wa nyuma, kama siku zote, ila safari hii hakupiga mluzi. Hakuwa na kofia. Kwenye shati, begani, palikuwa na alama ya udongo mviringo, mahali bonge lilipompiga.

"Nani amekutupia?" mshonaji aliuliza. Aliinuka, akasahau kwamba amelishika koti.

"Mtoto. Wakubwa wamecheka tu." Alijaribu kutabasamu. "Sindano, usiogope. Nina dakika chache. Gari la msimamizi limeshaonekana darajani."

"Wamekuuliza nini?"

"Koti. Mwenyekiti kaniuliza koti lako liko wapi. Kila mtu ananiuliza koti."

"Ukasema?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?" Sauti ilimpanda, na pazia likatikisika kidogo. Akaishusha. "Kwa nini hukusema tu liko kwangu?"

"Mbele ya wale wote? Niseme nilikuja kwako jioni kwa mlango wa uani? Jina lako lingekuwa mdomoni mwa Mama Redio kabla sijamaliza. Jina ni lako, si langu. Nikaona nije nikuulize kwanza." Alikuwa anamtazama usoni kwa namna ile ambayo siku nyingine ilimfanya apoteze kipimo cha kitambaa. "Wewe waambie tu lilikuwa hapa. Basi. Lilikuwa hapa, limetundikwa, aliyeonekana mtaroni alikuwa amevaa kitu kingine. Mimi nitakuwa nimesimama kando yako. Na nikitoka pale leo salama, naingia kwa mlango wa mbele wa mama yako. Nimechoka na huu wa nyuma."

Maneno hayo alikuwa ameyangoja muda wote wa mtaro. Alikuwa ameyawazia kwa njia nyingi, cherehani inapozunguka, na katika njia zote hizo hapakuwa na harufu ya plastiki.

Akalinyoosha koti, akamwonyesha.

Yeye akalitazama. Alitazama pindo. Alitazama mkono uliochanika hadi kiwikoni. Halafu, kama fundi anavyofanya bila kujijua, akainama akapitisha jicho juu ya udongo uliokauka, na akaviona vile vitu vidogo vinavyometa. Aliinua uso polepole. Juu ya meza, kwenye kitambaa cheusi, kando ya sindano, kulikuwa na unywele mmoja wa kioo. Alitoa kichupa mfukoni. Hakukifungua. Alikishika tu.

"Uliutoa wapi huo?" aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

Mshonaji aliinamisha kichwa.

"Kidoleni," fundi alijijibu mwenyewe. "Kidoleni mwa mtu." Akageuza uso kuelekea barabarani, ambako sauti moja ilisikika juu ya zote, ikiita watu, haraka, haraka, gari limefika. Alisikiliza ile sauti kwa muda. Mabega yake yalishuka.

"Alidhani ni shaba," mshonaji alisema, na sasa alikuwa analia. "Hakujua. Hakutaka kukuumiza wewe, alidhani ni shaba tu."

"Najua. Wengi hudhani." Alisema bila hasira, na hiyo ilimuumiza zaidi. "Nenda ukamtazame kile kidole. Ukiona kimevimba kesho, nesi."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei. Sijui nikuonee nini." Alipitisha kiganja usoni. Kule nje radi ilinguruma mbali, na honi ya gari ikaitikia karibu, mara mbili. Mtu alilitaja jina la Bwana Waya, na wengine wakalipokea, si kwa kuita, kwa kuzomea. Walikuwa hawako tena uwanjani. Walikuwa wanakuja.

Alikamata mkono mmoja wa koti, ule mzima. Mwingine, ule uliochanika, ulikuwa bado kiganjani mwa mshonaji, na wakasimama hivyo, koti limenyooka kati yao kama nguo inayokamuliwa.

"Nisikilize," alisema. "Ukiniachia koti hili nitalivaa, nitatoka nalo kwa mlango wa mbele, na sitasema lilikuwa wapi. Sitamtaja mtu. Wataona udongo, na watafanya watakachofanya. Sitakulaumu, Sindano, naapa. Lakini ukilibeba wewe, ukatoka nalo mkononi mwako, itabidi useme lote, na ninajua ni nani unayemtoa." "Mimi ni mtu wa kupita, mama yako ana haki ya kusema hivyo. Huyo ni ndugu yako. Pamoja na hayo yote nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Libebe wewe."

Nyuma ya pazia mama yake alivuta pumzi, akaizuia.

Hatua zilifika kwenye ngazi ya mbele. Mtu aligonga, na mshonaji alimtambua kwa lile kofi legevu, kwa sababu mtu mwenye kidole gumba kibovu hugonga kwa mkono wa kushoto.

"Dada!" sauti iliita. "Fungua! Yumo humo?"

Bwana Waya hakugeukia mlango. Alikuwa anamtazama yeye tu.

"Utalibeba?" alimuuliza.

Tone la kwanza la mvua lilipiga bati. Mshonaji alitazama koti, akatazama cherehani, akatazama unywele ule juu ya kitambaa cheusi, ambao sasa, giza la wingu lilipoingia dirishani, haukuonekana tena. Vidole vyake vilikuwa bado vimeushika ule mkono wa koti uliochanika.